Kubebesha

Kwenye kitalu changu, hapa Tukuyu, nabebesha parachichi:
nakata shina la kienyeji, unene wa kalamu,
nalipasua, nachomeka kikonyo cha kisasa,
nafunga utepe wa nailoni, navika kimfuko, basi.
Mti hauulizi huyu ni mtoto wa nani.
Mti hauna askari.

Mimi ninao.

Nilidhani wangeamka wote usiku ule
figo ya Ipyana ilipolazwa chini ya tumbo, karibu na nyonga,
zangu mbili za zamani zikiachwa mgongoni palepale,
zimesinyaa kama maharage yaliyosahauliwa darini.
Mgeni siku mbili. Na siku ya tatu, kweli,
tulimpa jembe:
mkojo ukashuka mfukoni, mwepesi kama chai ya mkono wa birika,
nesi akapiga makofi peke yake.

Ipyana ni ndugu yangu kwa baba.
Kwenye baraza la ardhi la kata ni mdai,
mimi mdaiwa, migomba saba katikati yetu.
Alisaini fomu ya figo kwa mkono uleule
uliosaini mashtaka.
Nilipomwambia *ndaga* aligeukia dirishani.
"Figo ni figo," akasema. "Mpaka ni mpaka."

Kila mwezi nakwenda Mbeya kupimwa,
napita Isyonje ndani ya ukungu, viazi vimepangwa kando ya lami.
Daktari Mhongole alichora nyuma ya karatasi ya maabara:
"Hawa ni seli T. Wanapapasa kila uso;
wakikuta wasioujua, wanapiga yowe.
Na hawa," akatia nukta chache pembeni,
"ni seli T dhibiti. Askari vilevile, sare ileile,
ila kazi yao ni kumshika mwenzao mkono.
Wanakunywa uji wa vita kabla wengine hawajaufikia.
Wananong'ona, na hasira inakosa kuni."

Wangapi?
"Katika kundi lao, pengine watano kwa mia."
Watano! Ukoo wetu haujawahi kufikisha wawili.

Wanafunzwa wapi?
"Nyuma ya mfupa wa kifua, kwenye tezi inayonywea mtu akikua.
Wanaoonyeshwa sura za nyumbani wakazikodolea macho kwa ukali,
wengi huuawa. Wengine hupewa kazi hii."
Nilimwomba arudie.
Wale wale ambao wangeichoma nyumba,
ndio wanaokabidhiwa mlango.

Vidonge ni saa mbili asubuhi, saa mbili usiku.
Simu hulia hata kanisani, mama mkwe hukunja uso.
Vinawaziba askari wote midomo,
na wapatanishi nao uji unawapungukia; ndiyo kasoro yake.
Ziko maabara, alisema, wanaowaotesha hao wachache chupani
kisha wanawarudisha mwilini, kama miche,
ili siku moja mtu aweke vidonge chini.
"Bado," akasema, kabla sijafungua kinywa.

Jumatano kesi iliahirishwa tena.
Mvua ya Rungwe ilipiga bati hata mwenyekiti hakusikika.
Ipyana alikaa benchi la pili, kiganja ubavuni
pale aliposhonwa. Changu kilikuwa nyongani.
Hatukusalimiana.
Na chini ya shati langu kitu chake kilichuja damu yangu,
kilichuja, kilichuja,
wala hakuna aliyepiga yowe.

Nimemtengea miche saba, moja kwa kila mgomba.
Iko kivulini, nyuma ya pipa.
Sijampelekea.
Utepe haufunguliwi kabla kidonda hakijashika;
ukiwahi, kikonyo kinabaki mkononi
na unaonekana mtu usiyejua kazi.
Nikipita huibonyeza kwa kidole gumba, taratibu.